Moja mara mbili: mama wa moyo aliyerudi wodini siku ya 16

Nilipofungua faili lake Jumatatu asubuhi, aliyempokea usiku alikuwa ameandika sababu ya kulazwa tena kwa mstari mmoja: "Mgonjwa hafuati masharti ya dawa." Sentensi hiyo tunaiandika sana wodini. Mimi mwenyewe, muuguzi wa wodi hii, nimeiandika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Safari hii niliamua kuifuatilia, neno kwa neno, nijue ni masharti gani hayakufuatwa, nani alipewa na alipewa vipi. Niliyoyakuta yamebadilisha namna ninavyotoa ruhusa, ndiyo maana nakiandika kisa kizima. Mambo machache yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha. Ya kitabibu nimeyaacha yalivyo.

Mgonjwa

Ni mama wa miaka 63, mjane, mwenye minazi na shamba la mihogo katika kijiji cha pwani mkoani Tanga. Presha anayo kwa miaka 11, na dawa alikuwa anameza akijisikia vibaya, akipata nafuu anaacha. Alipolazwa mara ya kwanza miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, usiku anakohoa, na hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha moyo umetanuka na nguvu yake ya kusukuma damu imeshuka hadi asilimia 30.

Huu ndio ugonjwa wa moyo tunaoujua zaidi kwetu. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 baada ya kufuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta chanzo kinachoongoza ni presha, na wastani wa umri wa wagonjwa ni miaka 52. Ndani ya siku 180, asilimia 17.8 walikuwa wamefariki. Watu wa umri huo bado wanalima na bado wana watoto na wajukuu wa kusomesha. Kwa hiyo ninaposema mgonjwa wa moyo kufeli, yaani moyo ulioshindwa kusukuma damu ya kutosha, sizungumzii mzee aliyemaliza shughuli zake. Nazungumzia mtu ambaye nyumba nzima inamtegemea.

Alikaa siku 8. Furosemidi ya sindano ilimtoa maji, kilo 7 zikaondoka, siku ya kutoka akapima kilo 57. Alitembea mwenyewe hadi dirisha la wodi akisema pumzi imerudi. Sote tulifurahi.

Ijumaa ya ruhusa

Daktari alipita saa nne, akaandika ruhusa. Kuanzia hapo hadi mama anatoka getini, saa nane na nusu, alizungumza na watu watano: karani wa malipo, mtu wa bima, mtoa dawa, mimi, na mwanafunzi wa uuguzi aliyemtolea kanula ya dripu. Ukijumlisha dakika zote ambazo mtu alimweleza habari za dawa na chakula hazifiki 6. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo. Siku hiyo tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 34.

Aliyekuja kumchukua ni mwanawe wa kiume, anayefanya kazi mjini. Nilimweleza yeye. Alikuwa amesimama, risiti mkononi, mwenye bodaboda akimpigia simu kutoka getini. Nilimwambia dawa ni nne, asiache hata moja, apunguze chumvi, arudi kliniki baada ya mwezi mmoja. Akajibu, "Nimeelewa, sista." Nami nikaweka alama kwenye faili kwamba elimu imetolewa.

Kijana yule hakunidanganya, alielewa kweli. Ila haishi na mama yake. Alimfikisha nyumbani, akalala usiku mmoja, Jumapili akarudi kazini. Anayempikia mama, anayemchotea maji na anayeamka naye usiku ni mkaza mwanawe, mke wa mtoto mwingine. Wodini kwetu hakuna aliyewahi kumuuliza lolote, ingawa alikuja kumtazama mara mbili na kukaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji.

Dawa tatu zilitoka dirishani kwetu: furosemidi miligramu 40, enalapril miligramu 5, kavedilol miligramu 6.25. Ya nne, spironolakton, haikuwepo, akaandikiwa akanunue nje. Kila dawa iliwekwa kwenye kifuko chake cha nailoni, juu yake kumeandikwa kwa kalamu ya wino jina na "1×2".

Siku 16 za nyumbani

Haya yote niliyapata kwa kuuliza taratibu aliporudi, kwanza kwa mama mwenyewe, kisha kwa mkaza mwanawe.

Mama hasomi vizuri. Aliyesomewa vifuko ni mjukuu, yupo darasa la tano, mtoto hodari wa hesabu. Akatazama 1×2, akafanya alichofundishwa shuleni: moja mara mbili ni mbili. Kwa hiyo kila asubuhi bibi alipewa vidonge viwili vya kila aina kwa mkupuo, na jioni hakupewa kitu.

Sisi tulimaanisha kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Niliposikia hilo nilikaa kimya. Kwa miaka yote niliyofanya kazi nimeandika 1×2, 1×3, 2×2 kwenye mamia ya vifuko, na haikunijia hata siku moja kwamba kwa mtu asiye wa hospitali ile ni hesabu ya kuzidisha, tena yenye jibu. Mtoto alipata jibu sahihi. Swali ndilo tuliloliandika vibaya.

Viwili kwa mkupuo ni furosemidi miligramu 80 asubuhi, kavedilol mara mbili ya dozi, enalapril mara mbili ya dozi. Juu ya hapo, mama alikuwa na dawa zake za zamani za presha nyumbani, akaendelea nazo kwa sababu hakuna aliyemwambia aziache. Mojawapo ni kaptopril, dawa ya ukoo mmoja na enalapril. Siku ya tatu akisimama anaona giza. Siku ya nne alianguka karibu na mtungi. Akatafuta dawa ya kulaumu, akaichagua ile ndogo kuliko zote, kavedilol, akaiweka kando. Ukimsikiliza unaona alifikiri vizuri tu: dawa mpya, kizunguzungu kipya.

Furosemidi nayo ikaanza kumchosha. Choo kiko nyuma ya nyumba, kupita banda la kuku, na kwa dozi ile alikuwa anakwenda mara saba kabla ya adhuhuri. Siku ya tisa kukawa na msiba kwa jirani. Mama wa makamo yake hawezi kukosa msiba, na hawezi kukaa mkekani na wenzake huku anainuka kila dakika kumi. Aliacha kidonge cha kukojoa siku zote tatu za matanga, kisha akakisahau. Chakula cha msibani ni cha sufuria moja, na chumvi yake ni moja kwa wote.

Nyumbani nako kitoweo kilikuwa papa mkavu. Mwanawe aliposikia "apunguze chumvi" alimweleza mama, mama akaacha kuongeza chumvi mezani. Kitu ambacho hakuna aliyekitaja ni kwamba papa na ng'onda, samaki wa kukaushwa, vimeshakolea chumvi kabla havijaingia chunguni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Kipande cha papa kinaweza kumaliza sehemu kubwa ya hiyo peke yake.

Siku ya kumi na moja goti likamsumbua kwa kukaa sana chini. Dukani alipewa diklofenaki, akameza siku tano. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba dawa za maumivu za kundi hilo hushikilia chumvi na maji mwilini na kuzielemea figo, na kwamba mwenye moyo dhaifu hazimfai. Muuza dawa hakujua kama mteja wake ametoka kulazwa, kwa sababu mama hakuwa na karatasi yoyote inayosema hivyo. Muhtasari wa ruhusa ulibaki kwa mwanawe mjini, umekunjwa kwenye pochi pamoja na risiti.

Usiku wa siku ya kumi na sita waliamshwa na kukoroma kwa kifua chake. Alifika kwetu na kilo 63.5.

Sasa turudi kwenye ile sentensi

Hafuati masharti. Chumvi ya mezani aliacha. Dawa alimeza kila asubuhi kama zilivyosomwa kifukoni. Tarehe ya kliniki alikuwa bado anaisubiri: mwezi haujaisha. Alichokiacha, kavedilol na furosemidi, alikiacha kwa sababu ambazo angetueleza siku ileile kama kungekuwa na mtu wa kumuuliza. Hakuwa na namba ya kupiga. Na sisi hatukuwa na mpango wa kujua habari zake kabla ya siku 30.

Wenzetu waliochunguza suala hili kwa muda mrefu walikutana na sura hiihii. Huko Marekani, uchambuzi wa mwaka 2009 wa wazee walio kwenye bima ya Medicare ulionyesha karibu mmoja kati ya watano wanaopewa ruhusa hurudi hospitali ndani ya siku 30. Mary Naylor, muuguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa tayari ameonyesha kwa majaribio ya miaka ya 1990 kwamba muuguzi mmoja anayeanza na mgonjwa wodini na kumfuata hadi nyumbani hupunguza kurudi huko. Hapa napenda kusema jambo moja kwa wanaodhani haya ni ya nchi tajiri tu. Jaribio la STRONG-HF, la mwaka 2022, lilifanyika katika nchi 14, Nijeria na Msumbiji zikiwa ndani. Wagonjwa walioonwa wiki ya 1, 2, 3 na 6 baada ya kutoka, dawa zao zikipandishwa haraka kwa uangalizi, asilimia 15.2 walifariki au kulazwa tena kwa moyo ndani ya siku 180. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 23.3. Kilichowatenganisha hakikuwa mashine. Walionwa mapema, na walionwa mara nyingi.

Na kwa nini tuende mbali? Sisi wenyewe tulishafanya. Wakati Ukimwi unatumaliza, tulikuwa na huduma ya wagonjwa majumbani, na mpaka leo mtu akikosa tarehe yake ya ARV anapigiwa simu, asipopatikana anafuatwa. Mgonjwa wa kifua kikuu ana mtu anayemsimamia kumeza dawa. Mgonjwa wa moyo anapewa kifuko na tarehe ya mwezi ujao. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ujuzi tunao na watu wa kuufanya tunao.

Ruhusa ya pili

Safari hii ruhusa tuliianza siku ya pili ya kulazwa, mama akiwa bado na oksijeni. Nilimwamkia, nikakaa kitandani, nikamuuliza maswali matatu: Nani anapika? Nani anashika dawa? Simu iliyo karibu nawe usiku ni ya nani? Maswali yote matatu jibu lake lilikuwa mkaza mwana.

Tulimpigia, tukamwomba aje na dawa zote zilizomo nyumbani, hata za zamani, hata za majani. Alikuja kesho yake na fundo la kanga. Tulilifungua juu ya meza mbele ya mtaalamu wa dawa wa hospitali: kaptopril, nifedipini iliyokwisha muda, diklofenaki iliyobaki, vifuko vyetu vitatu, na chupa ya majani ambayo mama mwenyewe alisema haijamsaidia kitu. Tulitenga za kuendelea na za kuacha, na za kuacha zikabaki kwetu, kwa sababu dawa ikirudi nyumbani itamezwa.

Vifuko viliandikwa upya bila alama ya kuzidisha. Kimoja: "Kidonge 1 asubuhi. Kidonge 1 saa nane mchana," na pembeni jua linalochomoza na jua la utosini. Furosemidi ya pili tuliitoa jioni tukaileta mchana ili usiku mama alale. Kuhusu misiba na safari, daktari alikubali jambo ambalo tungelisema tangu mwanzo: siku ya kutoka, kidonge cha kukojoa kisiachwe, kisogezwe, kimezwe akirudi.

Kisha nikamwambia mkaza mwana, "Naomba unieleze mimi kama unamweleza shemeji yako, nisikie kama nimeeleza vizuri." Mara ya kwanza alikosea kavedilol, akasema asubuhi tu. Nilirudia. Kesho yake nikamuuliza tena, akapatia zote. Kila mara tulitumia kama dakika 15. Kosa lile la kavedilol, kama asingelitamka mbele yangu, lingeondoka naye kwenda kijijini.

Habari za chakula niliziacha azungumze yeye, kwa sababu jiko ni lake. Tulikubaliana samaki mbichi badala ya papa na ng'onda, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, na chumvi isiingie chunguni kabisa; wengine watajiwekea kwenye sahani zao. Ndipo akataja kitu ambacho hakikunijia: majirani walikuwa wanamletea mama madafu kila siku, wakisema yanasafisha mwili. Dafu lina potasiamu nyingi. Kwa mtu anayemeza spironolakton na enalapril pamoja, dawa ambazo zote huzuia potasiamu isitoke, mazoea hayo yanaweza kuuvuruga mwendo wa moyo. Pwani yetu dafu ni zawadi ya heshima, kwa hiyo tulitafuta namna ya kukataa bila kumvunja mtu moyo: mama aseme daktari amemwekea mwiko, mgeni apewe anywe mwenyewe. Tulimpangia pia kipimo cha damu, potasiamu na figo, wiki ya kwanza kliniki.

Mizani nyumbani hawana. Zahanati iko mwendo wa dakika 20, na mganga mfawidhi alikubali mama apime Jumatatu na Alhamisi asubuhi bila kupanga foleni. Sharti tuliliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari la shule: akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au ndala zikaanza kubana, au akaongeza mto, piga simu siku hiyohiyo. Chini yake tukaandika namba ya wodi. Ukurasa wa kwanza wa daftari una ugonjwa wake, dawa zake na onyo la diklofenaki na ibuprofeni, ili aende nalo hata dukani. Nakala ya muhtasari ilikwenda zahanati.

Alitoka Jumanne asubuhi. Sasa nakwepa ruhusa za Ijumaa mchana pale ninapoweza, maana nyuma yake kuna siku mbili zahanati imefungwa na mtaalamu hayupo.

Baada ya hapo

Nilipiga simu siku ya tatu. Spironolakton ilikuwa haijanunuliwa: bei ilikuwa imemshinda mkaza mwana, na aliona aibu kumwomba shemeji yake, yule mwana wa mjini. Mimi mwenyewe nikampigia huyo shemeji. Ikanunuliwa jioni ile. Kama tungengoja mwezi, tungeandika tena kwamba hafuati masharti.

Siku ya saba alikuja kliniki, kilo 57.4, damu iko sawa. Wiki ya tatu nilifika kwake pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024, na wa kijiji chao ni binti anayeifahamu kila nyumba. Vifuko viko kwenye msumari karibu na dirisha, juu asipofikia mtoto mdogo. Nilitembea mwenyewe kutoka kitandani kwa mama hadi chooni, nikipita banda la kuku gizani na tochi ya simu, nikaelewa kwa nini mtu angeacha kidonge kile. Familia sasa imempatia ndoo yenye mfuniko ya usiku.

Siku ya 24 simu ya wodi ililia. Kilo 59.9, zimeongezeka 2.3 tangu Jumatatu. Kulikuwa na arusi na pilau. Daktari alimwongezea furosemidi kwa siku tatu kwa maelekezo ya simu, zahanati wakampima kila asubuhi, ikashuka. Hakulazwa. Kwa mwezi wa sita sasa hajalazwa.

Lililobaki bila ufumbuzi ni hili: simu ile ya siku ya tatu nilipiga kwa vocha yangu, na ziara ile nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nilipokwenda likizo wagonjwa wawili hawakupigiwa na mtu. Tumeanza daftari la wodi lenye majina, namba na siku ya 3 na ya 7, linalosomwa kwenye makabidhiano ya zamu kama tunavyosoma wagonjwa mahututi, na nimeomba hospitali itupe laini moja ya simu. Maombi yako mezani kwa wakubwa wangu.

Mkaza mwana hutuma ujumbe kila Alhamisi. Wa wiki iliyopita ulisema: "57.8. Miguu mikavu. Mito miwili. Mama yuko shambani anachuma mchicha."